Mvuke wa Mzazi

Jua lilikuwa linatua Likoni Samiha alipofungua mlango wa nyuma ili aanue nepi za mtoto. Hakutoka. Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, na mama mkwe wake, Bi Mwanatabu, alikuwa na masikio ya paka. Samiha alisimama kizingitini, akaivuta kamba kwa mti wa ufagio, akazichomoa nepi mojamoja. Zilikuwa zimekauka hadi zimekakamaa. Mvua haikuwa imenyesha muda mrefu, hata majani ya mpapai wa jirani yalikuwa yamejikunja.

"Samiha!"

"Abee, Mama."

"Umeshaanua? Isije adhana ikazikuta nguo za mtoto nje."

"Nimeshaanua, Mama."

Alizipeleka chumbani, akazikunja, akazipanga kitandani karibu na mwanawe. Faki alikuwa amelala chali ndani ya chandarua chake kidogo, ngumi mbili zimefumbwa, doa la wanja katikati ya paji la uso. Bibi yake alimpaka wanja huo kila asubuhi ili jicho baya likija lianguke hapo.

Juu, mabati yakaanza kulia. Ta... ta... Yalilia hivyo kila magharibi, jua likishayaachia.

Kisha... to.

Tone la maji liliangukia nepi ya juu.

Samiha aliinua macho. Dari ilikuwa mpya, jipsam nyeupe pe, haina hata mwaka. Pale juu ya kitanda palikuwa na doa la rangi ya chai, dogo kama kisahani. Aliichukua ile nepi akainusa. Maji ya mabati hunuka kutu. Haya hayakunuka kutu. Yalinuka majani ya kuogea, na udi, na kwa mbali, maziwa.

Ilikuwa harufu yake mwenyewe.

Nyumba ile aliijenga Luqman, mumewe, fundi wa umeme katika hoteli moja ya Shelly Beach. Bafu alilitia ndani ya nyumba, halina dirisha, na juu yake akafunga feni ya kuvuta mvuke kama zile za hotelini. Paipu ya feni ilipanda juu ya dari. Kutoka hapo ilitakiwa itoboe ukuta, imwage mvuke nje. Luqman alilijua hilo vizuri, ndiyo kazi yake. Alikuwa ameshachora duara la penseli ukutani, mahali pa kutoboa. Hapo ndipo Samiha alipojifungua, na Bi Mwanatabu akasimama mbele ya lile duara kama askari wa lango.

"Mvuke wa mzazi hautolewi nje," alisema. "Una damu yake, una maziwa yake, una pumzi ya mtoto. Utoe nje apite mwenye nia yake auchukue?"

"Mama, mvuke hauchukuliki," Luqman alisema.

"Kaka yako nani alimchukua?"

Luqman aliitia penseli mfukoni. Kabla yake yeye, mama yake alizaa mtoto mwingine, akamwogeshea uani, maji yakapita mferejini mpaka njiani. Mtoto yule hakuimaliza arobaini. Bi Mwanatabu alikuwa mwanamke wa kucheka na watu, mpishi wa kuitwa harusi zote za Mtongwe, lakini ukimgusa hapo alikuwa mtu mwingine.

"Arobaini ikisha, toboa hata nyumba nzima," alisema. "Sikukatazi."

Basi paipu ikaachwa imelala juu ya dari, mdomo wazi, umeelekea chumba cha mzazi.

Na Samiha akaogeshwa. Asubuhi na jioni, sufuria kubwa ya maji yenye majani, maji ya kuchoma ngozi. Bi Mwanatabu mwenyewe alimkanda tumbo, akamfukiza udi, akamwogesha na mtoto humo humo. Chumba kilijaa mvuke mpaka hawakuonana nyuso. Kisha feni ikavuma, vuuu... na mvuke wote ukanyanyuka, ukaingia kwenye tundu, ukaenda juu.

Luqman aliporudi kazini jioni ile, Samiha alimwonyesha doa.

"Ni mvuke huo," alisema bila hata kuvua viatu. "Unapanda, unagusa mabati yaliyopoa, unageuka maji. Umewahi kufunua kifuniko cha wali? Basi ni hivyo hivyo."

"Na harufu?"

"Harufu ya nini?"

Aliinusa nepi, akairudisha. "Hii inanuka wewe," alisema akitabasamu. Samiha hakutabasamu.

Walisogeza kitanda upande wa pili. Siku chache baadaye doa lilikuwa limesogea upande wa pili. Luqman alisema dari imelalia huko, maji hufuata mteremko. Inawezekana. Lakini doa halikuacha njia nyuma yake. Lile la zamani lilikauka likapauka, na jipya likatokea juu ya mtoto, kubwa zaidi, lina kingo za kijivu zenye manyoya.

Hapo Faki akaanza kukoroma.

Hakuwa na mafua. Ilikuwa sauti nyembamba ya kifua, kama filimbi iliyoingia mchanga. Hiii... hiii... Kila pumzi aliivuta kwa mbavu. Alipelekwa zahanati na daktari akaweka chombo kifuani, akauliza kama nyumba ina unyevu. Akatoa dawa, akasema mtoto asilale penye ukungu wala mvuke. Bi Mwanatabu ndiye aliyempeleka, maana Samiha hatoki. Aliporudi alisema: "Kasema mtoto ana baridi kifuani." Na jioni ile akaongeza kuni, akaongeza majani, akaongeza udi. Maji yalikuwa ya moto kuliko siku zote. Feni ikavuma.

Jirani yao Mueni, anayefua mashuka hotelini, alikuja na ndizi.

"Mama Faki, woi, hii nyumba inanyesha ndani!" alisema akiangalia juu. "Nyinyi mmejenga bahari yenu?"

"Usinichekeshe, mshono utafumuka."

"Sichekeshi. Huyu mtoi anavuta pumzi kama mzee wa sigara. Huo mpaipu wa feni unatokea wapi?"

Samiha alinyoosha kidole juu.

Mueni aliacha kucheka. "Kwa laundri yetu paipu moja ilichomoka hivyo tu. Silingi, dari yote, ilianguka. Toeni hiyo kitu nje, leo leo."

"Bado arobaini."

"Arobaini itafika mtoto akiwa hai?"

Mlangoni Bi Mwanatabu alikohoa. Mueni akasalimia kwa adabu, "Shikamoo, Mama," akaziacha ndizi na kwenda zake. Bi Mwanatabu alizisogeza zile ndizi na kuketi karibu na Samiha.

"Wadhani simpendi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Wallahi, mwanangu, zimebaki siku chache. Nivumilie."

Samiha akaitikia kwa kichwa. Nyumba si yake, mila si yake peke yake, na mwanamke aliyekaa mbele yake alikuwa ameshazika mtoto.

Alasiri ya siku iliyofuata alikuwa akimnyonyesha Faki. Nyumba ilikuwa kimya. Mtoto alinyonya kwa tabu, akiachia ziwa ili avute pumzi, hiii... kisha akarudi. Mwishowe akalala. Samiha alimfuta mdomo, akamlaza begani ili acheuke.

Mtoto akalia.

Kilio chembamba, cha njaa. Samiha alianza kumpapasa mgongo, "Nyamaza, baba, nyamaza..." Mkono ukasimama.

Faki alikuwa amelala. Mdomo umefumba.

Kilio kilikuwa juu.

Kilitoka nyuma ya jipsam, pale penye doa. Kililia, kikakatika, kikalia tena. Kisha kikawa kama kinanyonya hewa... mwa... mwa... mwa...

Na maziwa ya Samiha yakamwagika yenyewe, yakalowesha dera mpaka kiunoni.

Luqman alipofika alipanda darini kwa kitundu cha koridoni, tochi mdomoni. Samiha na mama mkwe walisimama chini wakizisikiliza mbao zikilia chini ya magoti yake. Alikwenda. Akasimama. Akakaa huko muda mrefu bila kusogea.

"Luqman?" Samiha aliita.

"Baba! Kuna nini?" mama yake aliita.

Alishuka pole pole. Shati lilikuwa limemganda mwilini, magoti meusi. "Maji," alisema. "Mbao zote zinatoka jasho. Kuvu jeusi kila mahali. Jipsam imelowa kama mkate kwenye chai."

"Na kilio?"

"Paka labda."

"Umemwona paka?"

Alikuwa akijifuta viganja kwenye suruali, akajifuta tena, akajifuta tena. "Mama," alisema, "kesho asubuhi natoboa ukuta."

Bi Mwanatabu hakupiga kelele. Alishuka chini taratibu, mtu mzima yule, akamshika mwanawe miguu. "Kesho kutwa arobaini inakwisha. Kesho kutwa, Luqman. Ukitoboa sasa, hayo yote yaliyomo yatatoka kwa mara moja, nje, kwa kila mtu. Nimekuomba nini maisha yangu yote?"

Samiha alimtazama mumewe. Alimwomba kwa macho. Luqman aliangalia ukuta, akaangalia mama yake pale chini, na Samiha akaona jibu kabla halijasemwa.

"Haya, Mama. Kesho kutwa."

Samiha alikwenda chumbani, akamfunga Faki kwa leso, akaufikia mlango wa mbele. Angelala kwa Mueni, hata jikoni. Alifungua komeo. Nje palikuwa pakavu, hewa safi, watoto wanacheza mpira. Hatua moja tu. Nyuma yake Bi Mwanatabu hakumshika. Alisema tu: "Wa kwangu nilimtoa mlangoni hivi hivi nikimkimbiza hospitali. Nilirudi na leso tupu."

Mguu wa Samiha ulikuwa hewani.

Ukarudi ndani.

Ikafika jioni ya maji ya mwisho. Bi Mwanatabu aliteka maji kwa ndoo zote za nyumba. Alichemsha majani mpaka mtaa mzima ukanukia, akawasha vyetezo viwili. Siku ile mtoto alioshwa kwanza, akapakwa wanja mpya, akalazwa kitandani, maana kifua kilikuwa kimembana na Samiha alikataa katakata asikae tena ndani ya mvuke. Hilo tu ndilo alilokubaliwa. Luqman alikuwa uani, anatayarisha drili kwa ajili ya kesho.

Bafuni mvuke ulikuwa mzito kama pamba. Maji yalimwagwa, feni ikavuma, vuuu... Samiha alikaa kwenye kigoda macho yamefumbwa, masikio yote yako chumbani. Aliisikia ile filimbi ya kifua. Hiii... hiii... Alikuwa akiihesabu kama mtu anayehesabu shanga gizani.

Kisha akasikia mtoto akilia.

Kisha akasikia mwingine.

"Mama," alinong'ona. "Unasikia?"

Bi Mwanatabu alikuwa amesimama na kata mkononi, maji yanamwagika miguuni mwake mwenyewe. Midomo yake ilikuwa inasoma dua, haina sauti.

Alisikia.

Vilio viwili. Kimoja chini, kimoja juu. Vililia kwa zamu, halafu vikalia pamoja, sauti moja, njaa moja.

Samiha aliinuka vile vile alivyo, maji yanachuruzika. Hakuwa ameufikia mlango wakati dari ilipoanguka.

Haikuanguka kwa kishindo. Ilianguka kwa mlio mzito wa kitu kibichi... bwaaa... kama kondo la nyuma linavyotoka.

Chumbani hakuona kitu. Vumbi jeupe na mvuke vilikuwa vimechanganyika, vimejaa mpaka mlangoni. Chandarua kilikuwa kimelala. Kitanda kilikuwa kimefunikwa na mabonge ya jipsam laini kama uji. Na ndani ya ukungu ule vilio viwili vilikuwa vinalia, sasa vyote viwili chini, vyote viwili karibu. Kimoja kushoto kwake. Kimoja kulia.

"Faki!"

Mikono yake ilikwenda huku. Ikaenda kule. Ilishika tope, ikashika mbao, ikashika leso. Akageukia kushoto...

Kilio kimoja kikakatika.

Kikabaki kimoja.

Alimkuta sakafuni karibu na ukuta, uchi, amelowa chepechepe, analia kwa kifua kipana. Alimnyakua, akamkumbatia. Luqman alishaingia, Mueni na mumewe wamo, kila mtu anapiga kelele, anafungua madirisha. "Yuko mzima! Alhamdulillahi, mzima!" Hakuwa na hata mkwaruzo. Alipumua vizuri, bila filimbi, hewa inaingia na kutoka kama upepo dirishani.

Paji la uso lilikuwa safi. Wanja haukuwepo.

"Umeoshwa na maji," Luqman alisema alipomwona Samiha anapaangalia hapo.

"Tafuteni," Samiha alisema.

"Tutafute nini? Mtoto unaye."

"Tafuteni!"

Walitafuta kwa kumridhisha tu, wakizoa jipsam kwa koleo. Luqman alikuwa na tochi. Bi Mwanatabu ndiye aliyekuwa upande wa kitanda. Samiha alimwona akiinama, akisimama hivyo, mgongo umekunjika. Kisha akavua leso yake ya kichwa, akaitandika, akafunga kitu ndani yake.

"Nini hicho, Mama?"

"Uchafu. Bonge la kuvu."

Alipita mbele ya watu wote na bonge lile, akatokea mlango wa nyuma. Hakwenda jalalani. Samiha, akiwa dirishani, alimwona akichukua jembe na kuelekea kwenye ukuta wa nyuma. Alichimba kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine alilibeba bonge lile, kiganja kimetandazwa upande wa juu, kama mtu anayekinga shingo isilegee.

Kesho yake Luqman alitoboa ukuta. Paipu ilitoka nje, ikafungwa kifuniko cha kuzuia mvua na panya. Dari mpya ikapigwa, mbao zikapakwa dawa. Nyumba ikakauka kabisa. Daktari alimsikiliza mtoto kifuani, akasema hajasikia kifua safi namna ile. Akasema tatizo lilikuwa mvuke uliokosa pa kutokea, na dari ile ingemwangukia hata mtu mzima. Watu walikula pilau ya arobaini na wakafurahi.

Ila mtoto alianza kupungua.

Alinyonya sana. Alinyonya mpaka Samiha akaumwa mgongo, na bado mizani ya zahanati ilirudi nyuma. Ngozi yake ilikauka, ikapasuka viwikoni kama udongo. Feni ikiwashwa ndipo alipolia zaidi, macho yamefuata tundu, mikono imenyooshwa kule mvuke unakokwenda. Ikizimwa na bafu likijaa, alitulia, alicheka, mashavu yakamjaa papo hapo.

Samiha alikwenda kwa Bi Mwanatabu, aliyekuwa akichambua mchele.

"Mama. Ulizika nini?"

Mama mkwe hakuinua uso. Alichambua, akachambua, mpaka mchele ukaisha kwenye ungo na vidole vyake vikaendelea kuchambua.

Akamwendea Luqman.

"Siku ile darini uliona nini?"

"Nilikwambia. Maji. Kuvu."

"Na nini?"

Luqman aliitazama dari mpya. "Kulikuwa na mahali pakavu," alisema mwisho. "Kila kitu kimelowa, ila pale juu ya kitanda palikuwa pakavu. Padogo tu. Pamebonyea, kama pamelaliwa. Niliweka mkono." Alijifuta kiganja kwenye suruali. "Palikuwa na joto."

"Kwa hiyo huyu ni nani?"

"Samiha, tafadhali. Ni mwanetu. Basi."

Leo jioni Samiha amemwogesha tena mtoto. Feni inavuma, mvuke unatoka nje unakotakiwa kutoka, na mtoto anakauka mikononi mwake, analia. Nje ya mlango Luqman anasema, "Usiizime hiyo feni, tafadhali, tutarudi kule kule." Samiha anajua. Anajua kwamba ikiwa huyu ni Faki, mvuke utambana kifua tena. Na ikiwa si Faki... Anamtazama machoni. Ana kope za Luqman. Naye anamtazama kama mtoto yeyote anavyomtazama mama yake.

"Wewe ni nani?" anamnong'oneza.

Mtoto analia. Na maziwa yanashuka. Hayamwulizi Samiha, hayasubiri ajue, yanashuka tu, yanalowesha dera, yanadondoka sakafuni.

Anamweka kifuani. Mkono wake mwingine unapapasa ukuta, unaikuta swichi.

Feni inanyamaza. Mtoto naye ananyamaza, anameza.